Kosa Moja, Sura Mbili: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu za USB na Bluetooth Zinazojirudia Kwenye Kompyuta Mpakato

Mada kwa semina ya mafundi kompyuta na maofisa TEHAMA



Malalamiko haya kila mmoja wetu ameyasikia mezani kwake. Mteja anasema flashi leo inasoma, kesho haisomi. Anasema kipanya kinaganda halafu kinarudi chenyewe. Akiwa tayari anaaga, anaongeza kwamba hata Bluetooth imepotea, ila hilo si la muhimu sana. Tunampigia Windows upya, anaondoka ameridhika, na wiki haijaisha amerudi na tatizo lilelile.

Nina dai moja la kutetea mbele yenu. Katika kompyuta mpakato nyingi zinazopita mikononi mwetu, USB inayosumbua na Bluetooth inayopotea si matatizo mawili. Ni tatizo moja linalojitokeza sehemu mbili, na ile taarifa ambayo mteja aliiona haina uzito ndiyo inayotuelekeza penye chanzo. Fundi asiyejua uhusiano huo atabadilisha draiva, atapiga Windows, na mwishowe atamwambia mteja mazabodi imekufa, kumbe ni nzima.

Bluetooth ni kifaa cha USB

Fungua kifuniko cha chini. Utaona kadi ndogo iliyobanwa kwa skrubu moja na kuunganishwa na nyaya mbili nyembamba za antena. Tumezoea kuiita kadi ya Wi-Fi, lakini imebeba redio mbili. Redio ya Wi-Fi kwa kawaida huwasiliana na mazabodi kupitia PCIe. Redio ya Bluetooth, ingawa iko kwenye kadi hiyohiyo, katika kompyuta nyingi hupitia njia za USB zilizomo ndani ya mazabodi. Kwa Windows, Bluetooth hiyo ni kifaa cha USB sawa na flashi, ila tu hakuna tundu la kuichomoa. Kamera iliyo juu ya skrini nayo hupita njia hiyo, na mara nyingi hata kisoma alama za vidole.

Ukilijua hili, mambo mengi yanayochanganya yanafunguka. Mteja anashangaa kwamba Wi-Fi inashika vizuri huku Bluetooth haionekani kabisa, na kadi ni moja. Kadi ni moja, lakini njia ni mbili. Kisha kuna lile linalowasumbua sana vijana wa karakana: Device Manager inaonyesha “Unknown USB Device” yenye alama ya njano, na hakuna kitu kilichochomekwa popote. Fundi anachungulia poti zote, anazikuta tupu. Kifaa hicho kipo ndani. Ni Bluetooth yenyewe iliyoshindwa kujitambulisha, au kamera. Angalia kilichopungua kwenye orodha: kama kamera ipo na Bluetooth haipo, umeshajua pa kutafuta kabla hujashika bisibisi.

Lisome kosa kabla ya kulitibu

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo muda wetu na fedha za wateja vinapopotea.

Kifaa cha USB 2.0 au cha toleo la zamani zaidi kikiunganishwa, hupandisha volti ya mmoja wa nyaya zake mbili za data kwa kutumia resista ya kiloomu 1.5. Kompyuta ikiona volti imepanda, inajua kuna kifaa kipya. Inakianzisha upya, inakipa namba ya anwani, na inakitaka kijieleze: mtengenezaji wake ni nani, ni kifaa cha aina gani, kinahitaji umeme kiasi gani. Ni baada ya majibu hayo ndipo Windows huanza kutafuta draiva.

Zingatieni mpangilio huo. Ujumbe wa “Device Descriptor Request Failed” maana yake ni kwamba maelezo hayo hayakupatikana. Ukifungua sifa za kifaa hicho ukaangalia Hardware Ids, utakuta VID_0000, yaani namba ya mtengenezaji ni sifuri tupu. Kompyuta haijui hata inazungumza na kifaa gani. Sasa utapakua draiva ya nini? Zile programu za kwenye intaneti zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja hazina msaada hapa, na baadhi yake huacha matangazo na virusi juu ya tatizo lililokuwepo.

Kosa namba 28 ni jambo tofauti kabisa. Hapo kifaa kimejieleza, draiva ndiyo haipo. Ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, kwa modeli ileile iliyoandikwa chini yake, na kazi imekwisha. Kosa namba 10 linasema kifaa kimeshindwa kuanza. Inaweza kuwa draiva isiyofaa, inaweza kuwa programu ya ndani ya kifaa imekwama. Kosa namba 43 linasema Windows imekisimamisha kifaa kwa sababu kimeripoti matatizo. Namba hiyo peke yake haitaji chanzo. Isome pamoja na maneno yanayoambatana nayo, na uangalie linatokea lini: mara tu kompyuta inapowashwa, inapoamka usingizini, au unapochomeka kitu fulani.

Linux husema wazi zaidi, na kwa sababu hiyo namshauri kila fundi awe na flashi ya Ubuntu inayowasha kompyuta bila kugusa diski ya mteja. Iwashe, andika amri ya dmesg, usome. Ukiona “error -71” kwenye mistari ya USB, mazungumzo kati ya kompyuta na kifaa yanaharibika njiani: shuku kebo, pini zenye kutu, au umeme mchafu. Ukiona “error -110”, kompyuta imeuliza na muda wa kusubiri jibu umeisha. Kifaa kimekwama au hakipati umeme wa kutosha. Amri ya lsusb nayo itakuorodheshea vifaa vyote, pamoja na Bluetooth ya ndani. Ikiwa ni ya Intel, namba yake huanza na 8087.

Faida kubwa ya flashi hiyo ni kwamba inatenganisha programu na vifaa. Kosa likiendelea ndani ya Linux, Windows haina hatia, na kuipiga upya ni kumchosha mteja bure. Kosa likitoweka na vifaa vyote vikafanya kazi kwa muda wa kutosha, rudi kwenye draiva na mipangilio ya Windows. Jaribio hili halifuti hata picha moja ya mteja. Kupiga Windows kumewapotezea watu tasnifu zao na kumbukumbu za biashara zao, na mara nyingi tatizo lilikuwa kwenye kebo.

Anza na umeme

Kuanzia Windows 8, ukichagua “Shut down” kompyuta haizimi kikamilifu kama mipangilio ya kuwaka haraka imewashwa. Huhifadhi kwenye diski hali ya kiini cha mfumo pamoja na draiva zake, kisha ikiwashwa huirudisha hali hiyohiyo. Draiva iliyochanganyikiwa jana inaamka leo ikiwa bado imechanganyikiwa. “Restart” haina tabia hiyo. Kwa hiyo mteja anayesema amezima na kuwasha hajafanya kile anachodhani amefanya, na si kosa lake.

Hata hivyo, “Restart” nayo huenda isiikatie umeme kadi ya Bluetooth. Kama programu iliyo ndani ya kadi imekwama, itabaki imekwama. Dawa ni kukata umeme kabisa: zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi. Kwa kompyuta ambazo betri yake imefungiwa ndani, fungua na uchomoe kiunganishi cha betri kwenye mazabodi. Baadhi ya ThinkPad zina kitundu kidogo upande wa chini kwa kazi hiyo. Unaingiza ncha ya klipu ya karatasi, unabonyeza, basi.

Bluetooth ikirudi baada ya hapo, tafadhali usimkabidhi mteja kompyuta ukamwambia imepona. Umejua kwamba kadi ilikuwa imekwama. Bado hujajua inakwamishwa na nini. Ilaze kompyuta, iamshe, rudia. Ikipotea kila inapoamka, mtuhumiwa ni utaratibu wa kubana matumizi ya umeme. Windows huvilaza vifaa vya USB visivyotumika. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 2 tu kabla ya kukilaza kifaa kinachoruhusiwa kulazwa. Vifaa vingi huamka bila shida, lakini vipo visivyoamka. Kwenye Device Manager fungua USB Root Hub na kifaa cha Bluetooth, nenda Power Management, uondoe tiki ya ruhusa ya kuzimwa. Kwenye mipangilio ya umeme zima “USB selective suspend”. Betri itapungua chaji kwa kasi kidogo, na mteja aelezwe hivyo. Baada ya hapo sasisha BIOS na draiva ya Bluetooth kutoka kwa mtengenezaji, kwa kuwa makosa ya aina hii mara nyingi hurekebishwa huko.

Poti za nje nazo zina kipimo chake. Poti ya kawaida ya USB 2.0 imekusudiwa kutoa hadi miliampea 500, na ya USB 3.0 hadi miliampea 900, zote kwa volti 5. Chomeka habu isiyo na chaja yake, juu yake diski ya nje, kipanya na simu inayochaji, na utapata yaleyale ya leo inasoma, kesho haisomi. Ujumbe wa “Power surge on the USB port” hauhusu umeme wa ukutani. Unasema kifaa au poti inavuta kuliko inavyoruhusiwa. Chukua tochi uangalie ndani ya poti: pini iliyopinda ikagusa jirani yake inatosha kuleta ujumbe huo. Kipande cha ulinzi mara nyingi hulisha poti zaidi ya moja, kwa hiyo poti mbovu ya kushoto inaweza kuiangusha nzima iliyo pembeni yake.

Chaja isisahaulike. Iendeshe kompyuta kwa betri peke yake. Kosa likikoma, jaribu chaja nyingine iliyo halisi kabla ya kufungua chochote. Na kebo nazo zijaribiwe. Zipo zilizotengenezwa kwa kuchajia tu, hazina nyaya za data ndani, na kwa macho hazitofautiani na nyingine.

Kelele, chumvi na kadi za kubadilisha

Bluetooth hutumia masafa ya kati ya megahezi 2402 na 2480, na ile ya kawaida hurukaruka kati ya chaneli 79 mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa mwingiliano. Lakini haiwezi kukwepa kelele iliyotanda kwenye masafa yote hayo. Mwaka 2012 Intel ilichapisha waraka unaoonyesha kwamba vifaa, viunganishi na kebo za USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye eneo hilohilo la gigahezi 2.4. Ndiyo maana spika ya Bluetooth inakatakata pale tu diski ya nje inapoanza kunakili mafaili. Hakuna kilichoharibika hapo. Hamishia diski poti ya mbali zaidi na antena, tumia kebo fupi yenye ngao nzuri, na kipokezi cha kipanya kisicho na waya kiwekwe kwenye waya wa nyongeza mbali na diski hiyo. Kama ruta ina gigahezi 5, iunganishe Wi-Fi huko.

Kwa sisi tunaofanya kazi ukanda wa pwani, hewa yenye chumvi ni adui wa kudumu. Pini za poti na za soketi ya kadi hushika kutu ya kijani isiyoonekana mpaka uangalie kwa lenzi. Toa betri kwanza, safisha kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke vizuri. Chomoa kadi, safisha miguu yake, irudishe, na uhakikishe nyaya za antena zimebana. Bluetooth inayofika mita moja tu baada ya kompyuta kusafishwa feni, karibu kila mara ni waya wa antena uliosahauliwa.

Ukifikia kubadilisha kadi, soma modeli kabla ya kununua. Intel AX200 na AX201 zinafanana kwa macho na zinaingia kwenye soketi ya aina moja. AX200 hufanya kazi katika kompyuta nyingi zenye soketi hiyo. AX201 hutegemea sehemu iliyomo ndani ya chipu za Intel zilizoandaliwa kwa ajili yake. Ukiiweka kwenye kompyuta ya AMD haitaonekana kabisa, na utarudi kuilaumu mazabodi.

Ombi langu kwa semina hii ni la kikazi. Kila karakana iweke mezani habu yenye chaja yake, kebo moja ya data inayojulikana kuwa nzima, flashi ya Ubuntu na daftari. Kwenye daftari liandikwe kosa kwa maneno yake kamili kama lilivyosomeka kwenye skrini, lilitokea wakati gani, na nini kilibadilishwa. Na fundi yeyote asimtamkie mteja kwamba mazabodi imekufa kabla hajakata umeme kabisa, hajajaribu bila chaja, na hajaiwasha kompyuta hiyo kwa Linux.