Waliojenga Parokia Zetu
Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme machache juu ya historia ya parokia za shamba. Mimi ni mtoto wa Handeni, kwa hiyo nitaanzia Uziguani.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Huko waliwakomboa watumwa, hasa watoto, wakawalea na kuwafundisha kusoma, kulima na ufundi. Mwaka 1877 walifungua misheni ya Mhonda, katika milima ya Nguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wakafungua Mandera, upande wa Mto Wami, kusini mwa Handeni yetu. Vitabu huwataja mapadri hao kwa majina. Lakini hawakwenda peke yao. Walifuatana na vijana waliokombolewa, waume na wake zao, na hao ndio waliokuwa Wakristo wa kwanza wa vijiji vile.

Baadaye mzigo huo waliubeba makatekista. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Padri alifika kigangoni mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote babu ndiye aliyeongoza sala, aliyezika wafu, na aliyewafundisha watoto kusoma chini ya mkwaju, wa Kikristo na wa Kiislamu pamoja.

Katika kazi yangu serikalini, wazee wasio na cheti cha kuzaliwa huniletea cheti cha ubatizo. Siku moja mzee mmoja alileta cha kigango cha babu. Padri ameandikwa, msimamizi ameandikwa. Aliyemfundisha miaka miwili hakuandikwa. Mzee akanitazama, akasema, "Mwalimu wangu alikuwa babu yako."

Nilimwomba anisimulie. Nilikwenda kwake Jumapili mbili, nikaandika kurasa tatu. Ya tatu nilikuta matanga.

Ndugu wanafunzi, likizo hii msingoje Jumapili ya tatu. Kaeni na wazee wenu. Waulizeni ni nani aliyefyatua matofali ya kanisa, ya msikiti, ya zahanati. Ni nani aliyefundisha kabla shule haijajengwa. Andikeni majina yao katika daftari, na mwaka, kisha mlilete hapa shuleni litunzwe.