Elimu ya Darasani kwa Matabibu



Katika kaunti za Migori na Homa Bay, mgonjwa afikapo kituo cha afya, mara nyingi ampokeaye si daktari bali ni tabibu. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, kilichoanza Nairobi mwaka 1927, kina matawi katika kaunti hizo mbili.

Diploma ya utabibu huchukua miaka 3, kisha hufuata mwaka 1 wa kazi hospitalini chini ya uangalizi. Vijana wengine hunung'unika kwamba hukaa darasani mno, wakidhani tiba hujifunzwa wodini tu. Sivyo.

Mfano ni homa ya mtoto. Pande za Ziwa malaria ni nyingi, na ni rahisi kudhani kwamba kila homa ni malaria. Lakini tabibu aliyesoma vema hupima damu, na mtoto akikohoa humhesabia pumzi kwa dakika 1 nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya 5, ni dalili ya nimonia. Tena dawa hupimwa kwa uzito wa mtoto. Hesabu ikikosewa, dawa iponyayo yaweza kudhuru.

Basi mzazi mwenye mwana chuoni na amhimize asidharau kitabu. Mkono usioongozwa na elimu hupapasa gizani.