Programu nayo ianze shambani

Kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, kimetupatia aina za maharage kama Uyole 96 na Njano Uyole. Mbegu haitoki maabara ikaenda moja kwa moja dukani. Hupandwa kituoni, kisha hujaribiwa katika mashamba ya wakulima wenyewe. Huvunwa na kupikwa. Inayozaa sana lakini ikamaliza kuni jikoni, akina mama wataikataa.

Leo nasema na vijana wa Mbeya na Iringa wanaotengeneza programu za simu na kompyuta. Wengi hujifungia mwaka mzima wakiijenga programu hadi mwisho. Siku ya uzinduzi wageni hupiga makofi, na baada ya miezi michache haina mtumiaji. Fedha imekwisha, na mkulima amezidi kuvitilia shaka vitu vipya.

Tutazame M-Pesa. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom zilianza jaribio dogo jijini Nairobi na Thika, kwa wateja mia chache wa taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya. Nia ilikuwa watu wapokee na kurejesha mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa wakiwachunguza wakaona jambo jingine: watu wanatumiana fedha wao kwa wao, na wengine wanaitumia kuhifadhi fedha wakiwa safarini. Mpango ukabadilishwa. Machi 2007 huduma ikazinduliwa kuwa njia ya kutuma fedha nyumbani, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Ni wateja wale wachache walioonyesha njia.

Sasa tuje kwetu. Tuseme kijana anatengeneza programu ya bei za viazi, anaandika bei ya gunia. Mkulima wa Kilolo au milima ya Uporoto atamwuliza: gunia gani? La uzito unaokubaliwa na sheria, au lumbesa? Swali hilo likija wiki ya pili, kulitengeneza ni kazi ya jioni moja. Likija baada ya mwaka, ni kubomoa nyumba iliyokwisha ezekwa.

Kwa hiyo, anza na kitu kidogo kinachofanya kazi moja. Wape wakulima kumi simu mkononi, nawe unyamaze, utazame kidole kinakwama wapi. Rekebisha, urudi tena. Wala usidanganyike na sifa, maana watu wetu ni waungwana. Watasema "nzuri sana, mwanangu" ili usiondoke na huzuni. Ushahidi ni kama siku ya gulio lijalo wameifungua bila kuombwa.

Na wanaotoa fedha, halmashauri na wafadhili, wasiulize tu programu itakamilika lini. Waulize pia: wakulima wangapi wameijaribu, na baada ya kuwasikiliza mmebadilisha nini? Asiye na jibu la swali la pili bado hajafika shambani.