SIMU YA MWIZI NA AIBU YETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi la karakana)



Leo hatukusimama kusema habari za mishahara wala za nyumba. Tumesimama kwa ajili ya wizi unaoingia mifukoni mwetu kwa njia ya simu. Mshahara tuliopigania pamoja, sasa twaibiwa mmoja mmoja.

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa kusimulia habari zake, ila jina lake tusilitaje. Alikuwa ameweka karo ya mtoto wake katika simu. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Simu ikalia. Mtu akamwita kwa majina yake yote matatu, akasema yeye ni wa kampuni ya simu, na kwamba laini yake itafungwa saa ile ile asipoithibitisha. Sauti ilikuwa ya adabu sana. Mwenzetu akaambiwa asikate simu, abonyeze hiki, abonyeze kile, na mwisho ataje nambari yake ya siri. Akaitaja. Baada ya dakika chache karo yote ilikuwa imekwenda.

Ndugu, hiyo ni hasara, lakini iko kubwa zaidi. Mwenzetu alinyamaza. Aliona haya kuambiwa kwamba fundi wa miaka mingi amedanganywa kama mtoto. Alinyamaza siku nne, na katika siku hizo nne watu wawili wa banda lile lile wakapigiwa simu yenye maneno yale yale, wakaibiwa. Kama angalisema siku ya kwanza, wale wawili wangalipona. Wala hatumlaumu yeye. Twajua jinsi tunavyomcheka mtu wakati wa chai. Sisi ndio tuliomfundisha kunyamaza.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa sanduku letu la fedha. Kwa hiyo mwizi hana haja ya kuvunja mlango. Yatosha akutie hofu, akutie na haraka, ili wewe mwenyewe umfungulie.

Sisi watu wa reli tunayo dawa ya haraka. Kwenye njia moja, treni haiachiliwi kwa sababu mtu fulani amesema kwamba mbele ni salama. Stesheni huiuliza stesheni ya mbele, ikajibiwa, ndipo dereva apewe kibali. Abiria wakipiga kelele na wapige. Bila kibali haendi. Haraka ikivunja kanuni hiyo, treni mbili hukutana. Basi na tuishike kanuni hiyo hiyo katika simu.

Kwanza, mtu akikupigia na kusema yeye ni wa kampuni, wa benki au wa serikali, kata simu, kisha uulize mwenyewe kwa nambari unayoijua. Safaricom imewatangazia wateja wake kwamba huwapigia kwa nambari 0722000000. Hata hivyo, hakuna mtu wa kampuni yo yote mwenye haki ya kukuuliza nambari ya siri.

Pili, ukipata barua ya simu kwamba umetumiwa fedha, kisha mtu akalia kwamba amekosea na mtoto wake yu hospitali, usirudishe kitu. Tazama kwanza salio lako, maana barua nyingi za namna hiyo ni za uongo. Na kama fedha zimeingia kweli, mwenyewe aipeleke ile barua yake ya M-Pesa kwa 456, kampuni izirudishe kwa njia yake.

Tatu, simu yako ikipoteza mtandao ghafula hali wenzako wa laini ile ile wanao, usingoje kesho. Huenda mtu amejitengenezea kadi nyingine kwa nambari yako. Wenye laini ya Safaricom waweza kujikinga mapema kwa kubonyeza *100*100#, ili kadi isibadilishwe mahali pengine ila katika duka la kampuni.

Nne, barua ya simu ya kitapeli usiifute tu. Ya Safaricom ipeleke kwa 333, bila malipo, kisha uje utuambie.

Lakini tusiseme kwamba kazi yote ni ya mteja. Yule mwizi aliyapata wapi majina matatu? Kila siku twaandika jina, kitambulisho na nambari ya simu katika madaftari ya milangoni, na kila apitaye husoma ya mwenzake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde, na yampa mtu haki ya kukataa habari zake zisitumiwe kwa matangazo ya biashara. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data. Makampuni na wenye majengo sharti waishike sheria hiyo. Nasi tuanzie nyumbani: daftari la mahudhurio la tawi letu liko mezani pale, wazi, na nambari zetu zote zimo. Twaomba lifungiwe kabatini kuanzia leo.

Bwana Mwenyekiti, ombi letu la mwisho ni dogo. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, mtu aliyepigiwa simu ya namna hii aseme mbele ya wenzake maneno aliyoambiwa, awe ameibiwa au ameponea. Na atakayemcheka, naye aambiwe wazi kwamba anamsaidia mwizi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mwenzetu amekubali kuyafichua maradhi yake mbele yetu leo. Karo ya mtoto wake bado haijapatikana, na mtoto yuko nyumbani. Kofia hii itapita katika viti kabla hatujatoka. Tumpe alicho nacho kila mtu, na tumpe mkono, bila kicheko.