Mradi Unaojijenga Upya Bila Sababu: Kutafuta Chanzo Badala ya Kusafisha Kila Kitu

Mada kwa maofisa TEHAMA na watengeneza programu wa Masasi na Newala

Msimu wa korosho ukishafunguliwa, huku kwetu hakuna anayesubiri programu. Mzigo unapokelewa kwenye chama cha ushirika (AMCOS), unaingia ghalani, unapigwa mnada, na mkulima anaanza kuulizia malipo yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia kwenye korosho msimu wa 2007/2008. Kufikia 2024/2025 minada yenyewe ilikuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Anayerekebisha programu ya mizani au ya malipo katikati ya msimu ana siku chache kabla ya mnada unaofuata. Ikiwa kurekebisha mstari mmoja kunamlazimu kujenga miradi yote upya, muda unaliwa, bando linaliwa, na umeme ukikatika kabla kazi haijaisha, anaanza mwanzo.

Wengi wetu tumezoea hali hiyo. Tunasema mashine ni ya zamani, tunaomba kompyuta mpya. Msimamo wangu ni kwamba mara nyingi mashine haina kosa. Kosa liko kwenye maelezo tuliyoipa zana ya kujengea: nini kinategemea nini, na nini kinatoka wapi. Maelezo yakiwa ya uongo, hata kompyuta ya bei kubwa itarudia kazi isiyohitajika, ila kwa haraka zaidi.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Jenga mradi mara mbili mfululizo bila kugusa faili lolote. Mara ya pili zana isifanye kazi yoyote ya maana. Ikifanya, una tatizo, na una ushahidi wake mkononi.

Tuangalie tulikotoka. Mwaka 1976, Stuart Feldman aliandika programu ya Make kwenye maabara za Bell, Marekani. Kilichomsukuma ni kosa la upande wa pili: mwenzake alikuwa amepoteza muda akitafuta hitilafu aliyokwisha kuirekebisha, kwa sababu faili lililorekebishwa halikuwa limejengwa upya. Make ikaja na kanuni nyepesi: linganisha muda wa faili la chanzo na muda wa faili lililozalishwa, chanzo kikiwa kipya zaidi, jenga. Hofu ile ya kuendesha programu iliyopitwa na wakati bado tunayo, nayo ndiyo inayotufanya tubonyeze "safisha, jenga yote" kila tunapopata shaka. Ukisafisha, tatizo la leo linaondoka pamoja na dalili zake, na kesho linarudi.

Kanuni ya muda ina udhaifu ambao sisi wa huku tunakutana nao zaidi ya wenzetu wa mijini. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa hurudi miaka kadhaa nyuma umeme ukikatika. Faili lililohaririwa jana linaonekana limetoka siku zijazo, na zana inalijenga kila mara. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba faili unalohariri leo linaonekana la zamani kuliko faili lililozalishwa kutokana nalo, kwa hiyo linarukwa. Make hutoa onyo kuhusu saa, tusilipite. Flashi za FAT32 nazo huhifadhi muda kwa hatua za sekunde mbili mbili, hivyo msimbo unaosafirishwa kwa flashi kutoka Newala kwenda Masasi unaweza kufika na muda uliosogea. Git nayo, ukihama tawi, huyapa mafaili yaliyobadilika muda wa wakati huo, hata ukirudi dakika hiyo hiyo.

Ndiyo maana zana za baadaye, kama Gradle na Bazel, hutazama maudhui ya faili badala ya kutegemea saa peke yake. Ni kama ghalani: mzigo ukishapimwa na kuandikiwa stakabadhi, haupimwi tena eti kwa kuwa mtunza ghala amebadilisha kufuli.

Lakini hata zana hizo tunaweza kuzidanganya. Chukueni mfano wa mfumo wenye moduli nne: pamoja, wanachama, mizani na malipo. Tatu za mwisho zinaitegemea ya kwanza. Mtu fulani, kwa nia njema, ameongeza hatua inayoandika tarehe na saa ya ujenzi ndani ya moduli ya pamoja, kama thamani isiyobadilika iliyo wazi kwa wote. Katika Java, thamani ya namna hiyo hunakiliwa ndani ya kila darasa linaloitumia. Saa inasonga, thamani inabadilika, pamoja inajengwa, kisha nyingine tatu zinafuata. Ukiendesha Gradle kwa --info, inakueleza sababu ya kila kazi kurudiwa, na faili la tarehe litaonekana hapo. Dawa yake ni kuiandika tarehe hatua ya mwisho tu, wakati wa kufungasha toleo la kupeleka kwa watumiaji.

Visababishi vingine navitaja kwa kifupi. Faili lililoorodheshwa kwenye mradi wa Visual Studio lakini halipo tena kwenye diski. Mafaili yaliyowekewa amri ya kunakiliwa kila mara badala ya pale tu yanapokuwa mapya. Na miradi miwili inayozalisha mafaili yake kwenye folda moja, kila mmoja ukifuta kazi ya mwenzake. Huu wa mwisho ni msumbufu sana, maana kila mradi ukijengwa peke yake hauna tatizo.

Kuhusu bando: matoleo ya maktaba ambayo bado yanabadilika hukaguliwa upya mtandaoni, kwa Gradle, kwa kawaida, baada ya saa 24. Bainisheni toleo kamili, kisha mjenge bila mtandao, kwa -o katika Maven au --offline katika Gradle. Anayetaka kujifunza kwa mradi mkubwa apakue msimbo wa DHIS2, mfumo unaobeba takwimu za vituo vyetu vya afya. Uko wazi kwa yeyote, umeandikwa kwa Java, umegawanywa katika moduli nyingi za Maven. Jaribuni kujenga moduli moja na zile inazozitegemea tu, kwa -pl na -am, muone tofauti.

Baada ya chakula kila mmoja afungue mradi wake, aujenge mara mbili, na aniletee kumbukumbu ya ujenzi wa pili. Tutaanza na mradi wa kwanza kujengwa upya katika mnyororo, kwa kuwa huenda iliyobaki inaufuata huo tu.