Sikio la Fundi

(Hotuba ya mwanachama wetu mmoja, fundi wa magari mjini Dodoma, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani.)



 Katibu aliponiita aliniomba nizungumzie mafanikio katika maisha. Nilimjibu kwamba mimi ni fundi, na ninachokijua ni magari yanayolia ovyo. Akasema, basi njoo na hilo.

Ndugu zangu, watu wengi huleta gari gereji wakiwa wamekwisha kukata shauri. "Fundi, badilisha shokapu." Mimi huweka spana chini kwanza nikauliza maswali matatu.

Swali la kwanza: sauti hiyo hufuata injini au magurudumu? Simamisha gari, weka gia huru, kisha kanyaga mafuta. Sauti ikipanda pamoja na injini, itafute kwenye injini yenyewe na vile inavyovizungusha, kama mkanda wa feni, pampu ya maji na altaneta. Gari likiwa limesimama pakawa kimya, na sauti ikaja linapotembea, basi shuka chini kwenye magurudumu, breki, propela na difu.

Swali la pili: sauti huja unapofanya nini? Chuma kikisaga chuma unapokanyaga breki, pedi zimekwisha, usingoje kesho. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likilia "ta-ta-ta" unapokata kona kali, tazama kiungo cha nje cha shafti ya gurudumu. Likigonga mara moja, "ko!", unapoachia klachi, mara nyingi ni krosi ya propela iliyolegea. Lakini ukisikia mgongo mzito ndani ya injini, unaozidi unapopanda mlima, zima hapo hapo. Huenda ni beringi za konrodi, na kilomita chache tu zaidi zinaweza kukugharimu injini nzima.

Swali la tatu ndilo watu hulisahau: gari limetoka wapi? Sisi wa nyanda hizi za kati tunaishi na vumbi kiangazi chote. Halafu mvua hunyesha, na korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi hujaa maji jioni. Gari likivuka pale na sili zake zimechoka, maji huingia kwenye habu na kuharibu grisi. Beringi haifi siku ile. Hufa baadaye, dereva akiwa amekwisha kuyasahau yale maji.

Maswali haya sikuyapata kitabuni. Niliyanunua, na aliyeyalipia ni mtu mwingine.

Ilikuwa Machi 1983. Nilikuwa na miaka 22, na cheti cha jaribio la ufundi daraja la tatu kilikuwa mfukoni. Wenzangu wa rika langu wanaikumbuka hali ya siku zile: vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, petroli ilikuwa haba, na beringi moja iliweza kungojwa miezi. Akaja dereva mmoja wa makamo na Land-Rover. Shule alikuwa ameishia darasa la nne. Akaniambia, "Mwanangu, huku mbele kuna nyuki. Nikikata kushoto wanazidi, nikikata kulia wanapungua."

Nilicheka, tena mbele ya watu. Nikayatazama matairi yake, yale ya meno makubwa, nikamwambia, "Mzee, hayo ni matairi tu. Nenda zako." Sikuuliza alikotoka. Sikupiga jeki.

Siku ya tatu, katika barabara ya Kondoa, ng'ambo ya Haneti, gurudumu la mbele la kulia liling'oka. Gari likapinduka. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, lakini mzee yule alivunjika mkono wa kulia kwenye kiwiko, na mkono haukurudi sawa. Hakuendesha gari tena, naye alikuwa na watoto watano.

Nilikwenda kumtazama hospitali. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Lilikuwa gurudumu gani?" Nikamjibu, la mbele kulia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini nilikuambia, nikikata kushoto."

Ni kweli, alikuwa ameniambia kila kitu. Gari likikata kushoto, uzito huegemea kulia. Beringi ya kulia hubebeshwa zaidi, na kama imeoza hulia zaidi. Sauti ya tairi haiwi hivyo: hubadilika hasa barabara inapobadilika, ukitoka kwenye lami kuingia kwenye vumbi. Sauti ya beringi hubadilika gari linapogeuka. Mzee yule hakujua sababu, ila alisikia vizuri. Mimi sababu niliijua. Nilifundishwa katika shule hii hii, kidato cha tatu, na katika mtihani wake nilipata alama nzuri.

Tangu siku ile sishiki spana kabla ya kupanda gari pamoja na dereva na kulisikia mwenyewe. Nikirudi hupiga jeki, nikashika gurudumu juu na chini na kulitikisa, kisha nikalizungusha kwa mkono. Kwenye injini hutumia bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini sikioni, nguo na mikono mbali na feni. Chuma hupitisha sauti kwa kasi ya mita 5,000 hivi kwa sekunde, na hewa mita 340 tu. Bisibisi hukuletea sauti ya mahali pale ulipoigusisha, kelele nyingine zikibaki nje.

Vijana wangu wa gereji wana kompyuta ya kusoma hitilafu. Ni chombo kizuri, nami nakitumia. Lakini kompyuta husoma yale tu yaliyowekewa vihisio, na grisi iliyoingia maji kwa kawaida haina kihisio. Aliyeisikia ni dereva.

Nanyi wanafunzi, msiseme masikio hayo hamna. Hii ni nchi ya Wagogo, nchi ya ilimba na zeze, iliyomtoa Mzee Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Mpigaji wa ilimba hutambua ulimi mmoja wa chuma uliolegea kati ya nyingi. Kazi yangu haina tofauti kubwa na hiyo.

Kesho mtakuwa madaktari, mahakimu, mabwana shamba na walimu. Atakuja mbele yenu mtu asiye na cheti, naye atawaeleza shida yake kwa maneno ya nyuki. Msimcheke. Mwulizeni: Lini? Ukifanya nini? Umetoka wapi? Kisha mnyamaze, mngoje ajibu.

Mzee yule amekwisha kufariki. Mwanawe wa mwisho nilimfundisha kazi, na leo ana gereji yake hapa mjini. Gari likinishinda, humpelekea yeye asikilize.