Siku Tuliyofika Leipzig



Tulifika Leipzig, Ujerumani, asubuhi, miguu imevimba kwa safari ya ndege, koo zimekauka. Sauti ya tatu na ya nne hawakuwa wakisemezana tangu Nairobi, walikogombania nani abebe ngoma. Tukapelekwa kanisa la Mtakatifu Thomas, alikoongoza kwaya Bach tangu 1723 hadi kifo chake mwaka 1750. Kaburi lake limo humo, sakafuni, karibu na madhabahu. Tukalizunguka kimya. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaanzisha wimbo, taratibu. Sauti ya tatu wakaitikia. Ya nne wakafuata.

Hatukuimba vizuri, ila tuliimba pamoja. Jioni ngoma ilibebwa na wote. Ndiyo maana leo tunasherehekea yubile.